Swali la Saba Sikuliuliza

Tarehe 9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba dereva wa lori la saruji hataikalia kama alivyoikalia ile ya mwisho. Sisi huku hatujambo. Presha ya mama imetulia. Anashona sare za shule, sebule imejaa vitambaa vya bluu, na ukikaa bila kuangalia unachomwa pini. Anakulalamikia kwamba hupigi simu. Nilimwambia huko kwenye kambi yenu ya ujenzi wa barabara mtandao haushiki, naye akasema, "Haushiki kwake tu? Mbona wenzake wanapanda kile kilima wanawapigia wake zao?" Mimi nimefikisha tu, usinigombeze.

Kubwa ni kwamba nimepata kazi. Usicheke. Ni ya muda tu, wakati nasubiri matokeo ya mtihani. Daktari mmoja wa hospitali ya hapa alitaka mtu anayejua Kiingereza na Kiswahili sawasawa, mwenye mwandiko unaosomeka. Mwalimu mkuu akanitaja. Nadhani alifikiri msichana asiyefungua mdomo darasani lazima awe na mwandiko mzuri.

Daktari huyo, mama mrefu mwenye miwani, ana dodoso la maswali kumi la kumtambua mtu anayekosa usingizi. Lilitungwa kwa Kiingereza, tukalitafsiri, na sasa tunalijaribu kwa wagonjwa wa nje, yaani wale wanaokuja kwa presha, sukari, kifua au tumbo na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wakiwa kwenye benchi wanangoja kuitwa, mimi nawasomea maswali na kuandika majibu. Baadaye daktari anakaa na mgonjwa huyo huyo faraghani na kumhoji kwa kirefu kuhusu usingizi wake, bila kuona nilichoandika. Mwishoni tunalinganisha karatasi yangu na maoni yake. Vikikubaliana, dodoso linafaa, na litapelekwa kwenye zahanati ambako hakuna daktari wa kukaa na mtu mmoja muda wote huo. Visipokubaliana, tunarekebisha.

Mwanzo tulivurunda. Swali la kwanza tuliliandika "Umelalaje siku hizi?" Basi kila mtu ananijibu, "Salama mwanangu, sijui wewe?" Hata mama mmoja ambaye macho yake yalikuwa mekundu kama nyanya. Daktari akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaanza kucheka: "Tumewasalimia watu, wametuitikia." Tumelibadilisha.

Nakutumia nakala. Yajibu, kisha uniambie kama Kiswahili chake kinakaa vizuri mdomoni. Wewe huna maneno ya kupaka mafuta.

Ni mimi mpwa wako.


Tarehe 3 Machi

Kwako Bibi Kimya,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya akiba. Kwa hiyo wewe, uliyekuwa ukijificha nyuma ya mlango wageni wakija, leo unawahoji watu wazima kuhusu vitanda vyao? Dunia imekwisha. Mwambie mama yako kilima anachokisema nakijua, ila jioni miguu yangu haitaki hata kusikia habari za kilima. Kusimama juani kutwa si mchezo. Msalimie sana. Mwambie kazi inaendelea vizuri na mdogo wake bado ndiye dereva wa greda anayetegemewa hapa.

Huku tumekula vumbi mpaka meno yamebadilika rangi. Nina habari njema pia: nimepata chumba changu mwenyewe! Wenzangu bado wanabanana wanne wanne kwenye kontena, mimi niko stoo ya matairi, peke yangu, kama mkurugenzi. Kinanuka mpira kidogo, lakini hakuna wa kunipigia kelele.

Maswali yenu nimeyajibu, karatasi iko ndani ya bahasha hii. Kiswahili kiko sawa, ila hilo la tano limekuwa refu, ukifika mwisho umesahau mwanzo. Hilo la saba, la kwamba anayelala karibu nami ananiambia nini kuhusu usingizi wangu, nimeliruka. Mimi kapera, nitaambiwa na nani? Na tairi?

Mengine utayaona. Nalala, lakini naamka kama mtu aliyebeba magunia. Kuna jamaa ameniletea vidonge vya usingizi kutoka mjini. Sijavianza, nangoja siku ya mapumziko. Usimwambie mama yako, ataanza kunitumia mizizi.

Fanya kazi. Pandisha sauti, wazee hawasikii.

Mjomba wako.


Tarehe 26 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu. Sare amemaliza, sasa anashona mapazia ya shule hiyo hiyo. Kila anayekuja kupimwa nguo anaambiwa, "Binti yangu yuko hospitali, anafanya kazi na daktari." Juzi amemwambia hata mtu aliyekuja kuuliza njia.

Ningependa asiseme. Nitakueleza kwa nini, na ukimaliza kusoma unaweza kunifikiria unavyotaka.

Swali la saba nilikuwa siulizi.

Siku ile ya kwanza kabisa, wa kwanza kwenye benchi alikuwa mwalimu wangu wa hesabu, yule aliyestaafu, aliyekuwa akinifokea, "Sauti! Unazungumza na daftari?" Alikuja kwa ajili ya sukari, na mkewe yuko pembeni yake ameshika chupa ya maji. Nikasoma la kwanza, la pili, mpaka la sita. Kisha nikaliona linalofuata: "Je, mtu anayelala nawe, au karibu nawe, amekuambia kwamba usiku unakoroma sana, unakata pumzi, au unashtuka-shtuka?" Mjomba, huyu ni mtu ambaye nilikuwa nikisimama kwa heshima akiingia darasani. Nimuulize analala na nani, mkewe akinitazama? Nikaliruka. Nikasoma la nane. Na kwenye la saba nikaandika "Hapana", kwa sababu wote wawili walionekana kama watu ambao jibu lao lingekuwa hapana.

Nilijiambia ni yeye tu. Lakini aliyemfuata alikuwa mzee wa rika la babu. Baada yake akaja mama mwenye watoto wakubwa. Baada yake kijana, na huyo ndiye aliyenishinda kabisa. Nikazoea. Mkono wenyewe ulikuwa unaandika "Hapana" kabla sijafika.

Juzi tulikuwa na kikao. Daktari akasema swali la saba halitusaidii, kwa maana katika watu wote hawa hakuna hata mmoja aliyesema ndiyo, hivyo litatolewa kabla dodoso halijapigwa chapa. Halafu akageuka: "Na tumshukuru msichana wetu. Karatasi zake ni safi, hazina pengo hata moja." Wakanipigia makofi, Mjomba. Wauguzi, karani wa mafaili, wote. Nilitamani sakafu inimeze na viatu vyangu.

Nilipopata sauti nikamuuliza kwa nini aliliweka. Akasema kuna watu wanalalamika usingizi wao hautoshi, wanadhani hawalali, kumbe wanalala ila wanakata pumzi usiku mara nyingi, mwili unashtuka, wanaamka wamechoka. Wenyewe hawajui. Anayejua ni aliye karibu. Na mtu kama huyo ukimpa vidonge vya usingizi bila kumpima, unaweza kumwongezea hatari. "Nilidhani tutawapata kwa swali hilo," akasema. "Inaonekana hawako kwetu."

Jioni nikatoa barua yako na karatasi yako nikazisoma tena. Naamka kama mtu aliyebeba magunia. Nasinzia mchana. Kichwa kinauma asubuhi. Na la saba umeliruka.

Tafadhali usimeze vile vidonge. Tafadhali. Kamwone daktari kwanza.

Na jingine, samahani kwa kuuliza. Unasema unasimama juani kutwa. Greda lina kiti. Nilipokuwa mdogo ulinipakata juu yake.

Daktari sijamwambia kitu kuhusu zile hapana. Najua unachotaka kusema.

Mpwa wako.


Tarehe 21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Lori limekuja mara mbili, dereva anasema hakupewa barua. Nilimuuliza kama alikuona. Alisema, "Nimemwona mtu mwenye kofia, kila mtu kule ana kofia."

Mama anasema hukuzaliwa mwandishi, nisihangaike. Sijamwambia habari za vidonge. Nakaa naye, nashika kitambaa yeye akikata, na nikifungua mdomo natoa maneno mengine kabisa.

Dodoso litapigwa chapa mwezi ujao, maswali tisa. Nimefika mlangoni kwa daktari mara kadhaa. Mara moja alifungua akanikuta nimesimama pale. "Ndiyo?" Nikamuuliza kama anahitaji kalamu. Akasema anazo. Nikarudi kwenye benchi langu.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata matusi.


Tarehe 25 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili ninazo. Ile ya kwanza nimetembea nayo mfukoni mpaka imechanika kwenye mikunjo. Leo sina utani, nivumilie.

Greda lina kiti, ni kweli. Mimi sikikalii tena. Mwishoni mwa mwaka jana nililala nikiwa kwenye usukani, mchana kweupe, wakati watu wanaelekea kunywa chai. Sikujua kama nimelala. Niliposhtuka greda liko mtaroni, na mpimaji wa barabara amejirusha kwenye kichaka, miwani yake imepasuka. Ni mzima. Kama angekuwa kiziwi kidogo, asisikie mashine ikimjia, leo ningekuandikia nikiwa gerezani. Msimamizi hakunifukuza. Alinipa bendera mbili, nyekundu na kijani. Nasimama barabarani, nasimamisha magari, naruhusu magari. Vijana niliowafundisha mimi wanapita juu ya mashine wananipungia mkono, nami najifanya naangalia upande wa pili.

Chumba nacho hawakunipa kwa ukubwa. Walinitoa. Mpishi wetu ndiye aliyenieleza, mbele ya watu, akiwa anapakua chakula: "Wewe bwana, ukilala unanguruma kama jenereta bovu, halafu unazima. Kimya! Sisi tunakaa tunaulizana, tumzike au tungoje? Mara unawaka tena." Watu wakacheka mpaka wengine wakaweka sahani chini. Na mimi nilicheka. Nilicheka kuwashinda wote. Kisha nikabeba godoro langu.

Kwa hiyo sikuliruka swali lako kwa ukapera. Jibu nilikuwa nalo, refu kuliko ile nafasi mliyoacha.

Vidonge nilikuwa nimeshameza barua yako ilipofika. Asubuhi mpishi huyo huyo aligonga, hakusikia kitu, akavunja komeo. Anasema nilikuwa na rangi ya majivu. Alinimwagia ndoo ya maji ya vyombo. Nilipofumbua macho yeye ndiye aliyekuwa analia, mwanaume mzima, ananitukana huku analia. Vilivyobaki amevitupa chooni.

Hospitali siendi. Nikienda wataandika, barua itarudi kwa msimamizi, na hata bendera nitanyang'anywa. Na nitamwambia nini daktari, kwamba nafukuzwa vyumbani kama mbwa mwenye viroboto? Usimwambie mama yako. Kwake yeye mimi ni dereva wa greda. Uniachie hilo.

Kuhusu lako sitakusuta, mimi ni nani? Wewe uliwaonea watu haya. Lakini nikuambie kitu. Ungeniuliza mimi ana kwa ana ningekufokea, ningekuita mtoto asiye na adabu. Halafu nadhani ningekujibu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza bila kucheka.

Mjomba wako.


Tarehe 14 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama mzima, mimi mzima, habari zake utazipata mbele.

Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma kwenye ngazi za hospitali, na nilipoimaliza nikaenda moja kwa moja, kwa sababu nilijua nikikaa chini sitainuka. Sikugonga hata mlango.

Nikasema, "Dokta, swali la saba halina watu waliolijibu."

Akadhani nazungumzia tafsiri. "Lina kasoro gani?"

"Halina kasoro. Mimi sikuliuliza. Zile hapana ni zangu."

"Zipi?"

"Zote."

Akavua miwani. Nje mtu alikuwa anakohoa, na karani anaita jina la mtu ambaye hakuitika. "Nilikusifia mbele ya watu," akasema. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonichoma. "Ungeacha wazi, ningeelewa. Ningeona benchi zima limeacha pale pale, ningejua kuna aibu hapo, ningetafuta namna nyingine ya kuuliza. Lakini umeandika. Umewajibia watu ambao hukuwauliza. Na mimi nimewaandikia baadhi yao dawa za usingizi."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Alikuwa anavuta mafaili ya wale aliowaandikia dawa, anayaweka mezani moja moja, na akamwita muuguzi apige simu saa ile ile. Halafu akaniambia wote watarudi waulizwe upya, na chapa itasubiri. "Atakayewauliza ni wewe."

"Na nikishindwa?"

"Acha wazi, uniite."

Alibadilisha namna ya kufanya. Sasa swali la saba haliulizwi kwenye benchi la korido watu wanasikia. Tumepanga viti nyuma ya kabati la mafaili, na aliyekuja na mgonjwa anaulizwa naye, mgonjwa akikubali.

Mwalimu wa hesabu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurudi, na mkewe. Nilisimama mpaka akaniambia nikae. Nikasema, "Mwalimu, mara ile kuna swali sikukuuliza."

"Najua," akasema. "Ulisoma la sita, ukasoma la nane. Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote."

"Mbona hukusema, Mwalimu?"

Akaangalia viatu vyake. "Nilishukuru."

Nikalisoma. Nililisoma lote mpaka kwenye alama ya kuuliza. Mkewe ndiye aliyesema, akiwa amemshika mkono wa shati, "Mwambie mtoto aandike. Nilihamia chumba cha wanangu mwaka juzi, nikawaambia watu ni mgongo." Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Nikaandika "Ndiyo". Waliniruhusu nikuandikie hayo, nilipowaambia nina mjomba. Waliyoyasema baadaye ni yao.

Si wote wanaojibu. Mzee mmoja aliniuliza kama nina wazazi, akaondoka. Aliacha pengo, nami nimeliacha hivyo hivyo. Daktari hajanisifu tena, na sidhani kama ataniandikia barua ya kunipendekeza chuoni aliyoniahidi mwanzoni. Sijamuuliza. Nikipita kwa wale walionipigia makofi natembea karibu na ukuta.

Sasa lako. Ulisema nisimwambie mama, nami nimemwambia. Nilifikiria sana kama ningekuwa nakutii au najificha tena, na nikaona ni kujificha. Nilimsomea barua yako yote, hata pale pa mpishi. Alizima cherehani. Hakulia. Alikaa anakunja kitambaa, anakunjua, anakunja. Kisha akasema, "Dereva wa greda, dereva wa greda! Nani alimwambia nilimpenda kwa ajili ya greda? Nimemlea huyu mgongoni. Alikuwa akilala napumua naye."

Akavaa viatu akatoka. Aliporudi alikuwa ameshazungumza na dereva wa lori, na jinsi ninavyomjua mama, dereva hakupata nafasi ya kusema hapana.

Daktari atakupokea wiki ijayo, nimemweleza. Anasema mtu mwenye shida kama yako akipimwa na kutibiwa anaweza kurudi kazini kwake. Hakuahidi, alisema anaweza. Kuhusu msimamizi, anasema karatasi ya ugonjwa hukabidhiwa mgonjwa mwenyewe, na wewe ndiye utakayeamua nani aione.

Utanikasirikia. Nimekubali. Naona aibu kwa yale niliyoyaficha, na sasa naona aibu kwa hili nililolitoa, lakini hii ya pili naweza kukuangalia nayo usoni.

Barua hii sikumpa dereva. Nimempa mama, amekaa nayo kiti cha mbele cha lori njia nzima, kuja kukuchukua. Nimemwomba akukabidhi kabla hajasema neno, akusubiri mpaka umalize kusoma. Unajua jinsi asivyoweza kusubiri. Kama umefika hapa na bado yuko kimya, amejitahidi sana.

Inua macho, Mjomba.

Mpwa wako.